Nyumba ya Kumpokea Bosi

Fundi alikuwa amewatengenezea makochi nusu ya watu wa mtaa, na nyumbani kwake hapakuwa na hata stuli. Msimcheke bado. Kochi lilikuwepo, la watu watatu, alilolitengeneza mwenyewe mwaka aliooa, mbao ngumu na sponji nzito isiyobonyea hata ikikaliwa na mjomba wake, na mjomba wake si mtu mdogo. Liliuzwa. Likafuatiwa na meza, kisha friji, na pesa zote zikaishia kwa wakili, kwa vipimo vya hospitali na kwa nauli za kwenda mahakamani na kuambiwa rudini wiki ijayo. Kumwasili mtoto ni jambo la huruma, kila mtu anasema hivyo, lakini njiani huruma ina vituo vingi na kila kituo kina risiti yake.

Mtoto mwenyewe alikuwa kwenye kituo cha watoto upande wa pili wa mji. Ni msichana wa miaka miwili na ushei, na walezi walimbatiza jina la Bosi kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Alinyoosha kidole tu, na alichokionyesha lazima kiletwe. Siku ya kwanza alimtazama Fundi kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akanyoosha kidole sakafuni. Fundi akakaa. Bosi akaja akaketi pembeni yake, akaanza kumchomolea nyuzi za kitambaa zilizonasa kwenye suruali, moja moja, kwa makini kabisa. Tangu siku hiyo Fundi hakuwa na ujanja tena. Mkewe naye, mpishi wa shule, mwanamke anayeweza kunyamazisha foleni nzima ya watoto wenye njaa kwa jicho moja, alitoka pale akilia na kukataa kwamba analia.

Kilichobaki sasa kilikuwa kimoja. Afisa wa ustawi wa jamii aje aione nyumba na wenye nyumba, aandike ripoti, na hakimu aisome. Ripoti ikiwa nzuri, Bosi anakuja nyumbani. Ikiwa mbaya, wanaanza upya, na hakuna aliyewahakikishia kwamba Bosi atakuwa bado yupo.

Na katika mambo yote haya, hakuna mtu wa ukoo aliyejua. Huo ulikuwa uamuzi wa Fundi. Miaka iliyopita mama yake, akichambua maharage, alimzungumzia jirani aliyekuwa ameasili mtoto. "Anajitwisha mzigo wa wenyewe," alisema, akaendelea na maharage yake. Fundi alikuwa amekaa palepale, tayari daktari alikuwa amekwisha kuwaambia yeye na mkewe kwamba wasitarajie mtoto. Alilimeza lile neno, nalo likakaa tumboni miaka yote, halimeng'enyeki wala halitoki. Tangu hapo kwa mama yake alipeleka salamu na matumizi, akakaa dakika chache, akaaga.

Wakili alipowaambia kuna chama cha familia zilizoasili watoto, watu wanaosaidia wenzao kwa gharama na kuwasindikiza hadi mahakamani, Fundi alikuja juu.

"Sitaki kusikia nimechangiwa mtoto kama harusi."

"Sasa unataka kusikia nini?" mkewe akamuuliza.

"Sitaki kusikia kitu."

"Basi uza na kitanda, baba. Tulale tukiwa tumesimama."

Siku ya ukaguzi ilipowadia, Fundi alifanya jambo ambalo ni fundi wa makochi peke yake anayeweza kulifanya. Kule karakana kulikuwa na kochi lililokamilika, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, vifungo mgongoni, mali ya mwanamke mwenye saluni kubwa kule sokoni ambaye kila mtu alimwita Mama Saluni. Fundi alikuwa amemwambia kesho. Nanyi mnaijua kesho ya mafundi. Asubuhi na mapema alilipakia kwenye mkokoteni, akalileta nyumbani, akaliweka ukutani palipokuwa na alama ya lile la zamani.

"Na mwenyewe akija?" mkewe akauliza.

"Nimemwambia vanishi ya miguu haijakauka."

"Mungu anakuona."

"Mungu anione, ni sawa. Mama Saluni ndiye asinione."

Kisha akawatawanya watu. Jirani wa ukuta wa pili, aliyezoea kuingia bila hodi kuazima kisu na kuondoka na habari za mtaa mzima, aliombwa asitokeze pua siku hiyo. Watoto waliocheza kila siku mlangoni walipewa biskuti na kuhamishiwa mtaa wa nyuma. Nyumba ikatulia tuli. Fundi aliona sasa ndiyo nyumba ya watu wa maana, na mimi nasema ilifanana na chumba cha kusubiria daktari wa meno.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea sana, mkoba mzito begani. Alikaa kwenye kochi, akalipapasa, akalisifu. Akaanza maswali.

"Gharama za safari hii zimewaendeaje?"

"Hazijatusumbua, mama," Fundi akajibu haraka.

"Nani anawasaidia?"

"Hatusaidiwi na mtu. Tunajitegemea."

"Mkiumwa wote wawili, mtoto atakaa na nani?"

"Hatuumwi."

Mkewe akatazama dari. Afisa akaandika kitu.

"Na ndugu wanasemaje kuhusu jambo hili?"

"Wamefurahi sana," alisema Fundi, na hapo mkewe akapaliwa na mate yake mwenyewe, akakohoa mpaka akaletewa maji.

Glasi ilikuwa bado mkononi honi ilipolia nje. Pikapu ilisimama, mlango ukagongwa mara moja na kufunguliwa kabla ya kuitikiwa. Mama Saluni aliingia, nyuma yake wapakizi wawili wenye misuli. Seremala wa jirani na karakana, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kukopeshwa, alikuwa amemweleza kila kitu.

"Fundi! Kumbe kochi langu limekuja huku kutembea?"

Mama Saluni akamgeukia afisa kwa adabu zote.

"Dada yangu, samahani sana, naomba uinuke. Leo nafungua tawi jipya, na hapo umewakalia wateja wangu."

Afisa akainuka. Hata mlango aliwashikia wapakizi, kochi lisikwaruze fremu. Mama Saluni alitoka nyuma yao akitikisa kichwa, kisha akarudisha uso ndani. "Lakini kazi ni safi, Fundi. Hilo sikukatalii." Pikapu ikaondoka.

Chumba kilibaki kitupu, na watu watatu wamesimama wasijue waweke wapi mikono. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Mkewe ndiye aliyepiga moyo konde. Alikwenda jikoni, akarudi na ndoo, akaipindua, akaipangusa kwa kanga. Afisa akakaa juu ya ndoo. Wao wakakaa chini.

"Kochi lenu wenyewe liko wapi?" afisa akauliza, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Tuliliuza," akasema mke. "Kwa ajili ya wakili. Na meza. Na friji. Na hakuna ndugu anayejua, mama. Hakuna aliyefurahi wala aliyechukia. Hawajui kabisa."

Fundi alikuwa anatazama vidole vyake, vilivyojaa makovu ya misumari midogo. "Nilidhani mnataka watu wasiohitaji mtu," akasema.

"Baba, watu hao sijawahi kukutana nao." Afisa akafunga mkoba. "Kukosa kochi hakumnyimi mtu mtoto. Nusu ya familia nilizozipitisha zilisaidiwa gharama na wenzao, na sikuona aibu yoyote hapo. Ila hili nitaliandika kama nilivyoliona, kwamba mmenidanganya, na kwamba mtoto huyu mnataka kumleta kwenye nyumba ambayo nje ya nyinyi wawili hana mtu. Tayari ameishi bila mtu. Siwezi kumhamisha kutoka upweke mmoja kwenda mwingine." Alisimama. "Nitarudi baada ya wiki mbili, kabla hatujapangiwa tarehe mahakamani. Nataka nione mnavyoishi kweli, na nione mtu wenu hapa. Mmoja tu anatosha, bora awe wa kweli."

Jioni hiyohiyo Fundi alikwenda kwa mama yake. Njiani alirudi nyuma mara mbili. Alimkuta ukumbini, akamwamkia, akakaa, akazungumzia bei ya misumari, akazungumzia bei ya sponji, akataka kuaga. Mama yake akamtazama.

"Mwanangu, umekuja kuniambia nini?"

Akamwambia. Alianzia kwa daktari akaishia kwa Mama Saluni, na alipofika kwenye kidole cha Bosi, alinyoosha chake mwenyewe sakafuni, akabaki nacho hapohapo. Mama hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, aliuliza swali moja.

"Mnamtembelea tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka."

"Kwa hiyo mimi ni bibi tangu mwanzo wa mwaka, na nimekaa hapa kama gogo, sijui."

"Mama, wewe ndiye uliyesema ni kujitwisha mzigo wa wenyewe."

"Nilisema mimi? Lini?"

Akamkumbusha. Jirani, maharage, siku yenyewe. Mama alitafuta usoni mwa mwanawe, akatafuta kichwani mwake, hakuliona. Neno lililomla mwenzake miaka yote hiyo, yeye alikuwa amelitupa pamoja na makapi siku ileile. Ilimuuma Fundi kuona hivyo, na nadhani ilimuuma mama zaidi.

"Basi nilisema ujinga," akasema, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Lakini ungenijibu palepale. Nilikuzaa na mdomo."

Afisa aliporudi hakupata pa kuweka mguu. Bibi alikuwa amekalia ndoo kama kiti cha enzi. Jirani wa ukuta wa pili alikuwepo, kisu cha kuazima mkononi. Watoto wa mlangoni walikuwa ndani. Alikuwepo pia dereva wa lori kutoka kwenye ule chama, mtu mrefu mwenye mabinti wawili aliowaasili, ambaye wiki hiyo alikuwa amefuatana na Fundi hadi kwa wakili na chama kikalipa kilichobaki. Fundi alipokea msaada ule ameinamisha kichwa, akaona kumbe hafi. Afisa alipouliza mkiumwa wote wawili itakuwaje, watu wanne walijibu kwa pamoja, wakaanza kugombana nani yuko karibu zaidi. Aliandika muda mrefu, na safari hii alikuwa anatabasamu.

Hakimu alisoma, akauliza machache, akatia sahihi.

Bosi aliletwa Jumamosi. Nyumba ilijaa, watu wakambeba kwa zamu, wakamlisha, wakamwimbia, naye akawatuma wote kwa kidole, na wote wakatumika. Mkewe Fundi hakukaa chini siku nzima. Jua lilipoanza kushuka wageni wakaaga mmoja mmoja, akabaki bibi akikusanya vyombo.

Ndipo Fundi akamwona mtoto amesimama mlangoni. Alikuwa ameenda mwenyewe kutafuta viatu vyake chini ya kitanda, akavivaa, cha kulia mguu wa kushoto, na amesimama anatazama nje bila kulia. Kule kituoni watoto hutolewa siku mojamoja kwenda matembezi na wageni wema. Wanacheza, wanakula vizuri, na giza likikaribia gari linawarudisha. Bosi alijua utaratibu. Siku ilikuwa nzuri, imekwisha, na yeye hakutaka kumsumbua mtu.

Fundi alipiga magoti. "Hapa ni kwenu," akamwambia. "Hurudi. Umesikia? Hurudishwi popote." Mtoto akamtazama, kisha akamwonyesha barabara kwa kidole, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake aliyesahau saa. Fundi aliona moyo unampasuka.

"Mama!" akaita kwa sauti iliyomfanya mkewe naye aje mbio kutoka jikoni. "Mama, nifanyeje?"

Hakukumbuka mara ya mwisho kumuuliza mama yake swali hilo. Bibi aliweka sahani chini, akaja, akaangalia vile viatu, akaelewa.

"Usimvue," akasema. "Na usimwambie kitu, hawezi kukuamini leo. Kaa naye. Giza liingie akiwa hapa, kuche akiwa hapa. Kesho tena atavaa, na kesho tena utakaa naye."

Wakakaa mlangoni wote wanne, sakafuni, mkewe na bibi upande mmoja na Fundi upande wa pili. Giza likaingia. Bosi alisubiri gari muda mrefu, mgongo umenyooka, kisha taratibu akaanza kuegemea upande wa Fundi. Alilala akiwa na viatu miguuni, na walimpeleka kitandani navyo.