Ushuhuda wa Maji Moto

Bertha, au Mama Edgar kama anavyojulikana mtaani Nguvumali, alikuwa na ulimi usiojua kupumzika, na ulimi ndio uliomponza. Alipokatwa tezi ya shingo, daktari alimwambia atameza kidonge kila asubuhi maisha yake yote. Kidonge hicho kilimkera kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi akina mama wa kwaya wakampeleka Amboni kwenye chemchemi ya maji moto. Maji yale yananuka kama yai viza, lakini ukijitumbukiza mpaka mabegani, mwili wote unalegea. Bertha alirudi akalala fofofo. Akaenda tena, na tena, akajiona mwepesi, akaacha vidonge. Asingekuwa Bertha, angenyamaza. Jumapili ya mavuno alisimama mbele ya usharika, akashusha kola akaonyesha kovu, akasema, "Bwana Yesu asifiwe. Dawa nimezitupa." Vigelegele vikapigwa. Ritha, binti wa sauti ya kwanza aliyekuwa na kovu kama hilohilo, alilia kwa furaha.

Haikupita muda, uso wa Bertha ukavimba, usingizi ukamfuata mpaka jikoni, akawa anavaa sweta kwenye joto la Tanga huku wenzake wakijipepea. Akaenda hospitali kimyakimya.

"Mama, maji ya moto yanatuliza," daktari alimwambia. "Homoni za msongo wa mawazo zinashuka, unalala vizuri. Nenda ukaoge ukipenda. Lakini homoni ya tezi inatengenezwa na tezi, na yako tuliitoa. Maji hayawezi kukuotesha nyingine. Zile wiki za mwanzo ulibebwa na dawa iliyobaki mwilini."

Bertha akarudia vidonge, akavificha kwenye kopo la iliki. Nguvu zikarudi. Watu wakasema maji yale yana baraka, naye akaitikia amina. Kila alipoitikia aliona haya mpaka masikio yakamwaka, lakini kuliko kufuta ushuhuda mbele ya kanisa zima aliona heri afe.

Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya, Ritha alimfuata. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, macho yamevimba, anajikokota.

"Mama, niombee," alisema. "Wewe maji yamekuponya. Mimi naoga kila Jumamosi, dawa niliziacha siku ile ile uliposhuhudia, lakini sioni nafuu. Nadhani imani yangu ni ndogo."

Hapo ndipo pa kusema. Bertha, mwenye maneno ya kugawia mtaa mzima, akamwekea mkono kichwani akamwombea, tena kwa sauti, na alipofika nyumbani alijichukia hata chakula kikamshinda.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi wakati wa matangazo. Kabla hajafungua mdomo, akina mama wakaanza vigelegele.

"Acheni, tafadhali," alisema. "Nilishuhudia uongo. Maji hayakuniponya, vidonge nilivirudia na nameza mpaka leo. Ritha mwanangu, kesho nitakupeleka hospitali."

Ritha alisimama polepole, ameshika benchi la mbele yake.

"Ulianza lini kumeza tena?"

"Tangu Kwaresima."

"Kwa hiyo siku ile uliponiombea..."

"Nilikuwa nimemeza asubuhi," alisema Bertha.