Kwanza Amplifaya au Kwanza Spika

Mtaani hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na mama yake. Wote walimwita Stereo, na kichekesho chenyewe ni kwamba stereo hakuwa nayo. Alikuwa na redio moja ya mezani, antena yake imeungwa kwa waya, na alikuwa na maneno. Ee, maneno alikuwa nayo! Angeweza kukueleza tangu chai ya asubuhi hadi giza linaingia kwa nini amplifaya fulani inapata moto upesi na spika fulani besi yake inakoroma. Kama maneno yangetoa muziki, mtaa mzima ungekuwa unacheza. Na usidhani hayo ni masengenyo ya majirani. Ni yake mwenyewe. Siku hizi akisimulia kisa hiki hujirushia dongo kabla wewe hujapata nafasi.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma. Karakana yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, na humo kutwa nzima ni grenda inakata chuma, nyundo inagonga, cheche zinaruka. Mkewe aliwahi kumnunulia vizibo vya masikio. Stereo alivicheka. Fundi akiziba masikio, alisema, atajuaje kama chuma kimeshika? Maana alikuwa na mtindo wake: akimaliza kuunga, hugonga kiungo mara moja kwa nyundo ndogo, anainamisha kichwa, anasikiliza. Mlio ukiwa safi, kimeshika. Mlio ukiwa wa sufuria iliyopasuka, anarudia. Wateja waliusifia mtindo huo, naye akavimba kichwa. Kwamba mwaka huo mageti mawili yalirudishwa yakiwa yameachia, hilo alilisukumia kwa waliotengeneza vijiti vya kuchomelea.

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa mwimbaji. Siku binti anaondoka kwenda mji mwingine kutafuta bendi, Stereo alitaka kumuaga kwa neno zuri, likamtoka baya.

"Usinirudie hapa na vinyimbo vya kurekodi kwenye simu," alimwambia. "Ukirudi, rudi na wimbo wa watu."

Alidhani anatania. Binti hakucheka. Alimkumbatia mama yake, akampa baba mkono kama mtu anayeagana na karani, akaenda zake. Tangu hapo miaka miwili ilikatika hajakanyaga nyumbani. Kupiga simu alipiga kila Jumapili, lakini kuja hakuja. Stereo alimkumbuka mpaka akawa anakosea vipimo vya madirisha, ila kusema "njoo" kulimshinda. Kichwa kigumu ni kichwa kigumu, na chake kilikuwa kimechomelewa.

Kisha wimbo ukatoka, na ulikuwa wimbo wa watu kweli. Saluni zilipiga, vibanda vya chipsi vilipiga, hata kinyozi aliyekuwa hapendi muziki alitikisa kichwa mpaka mteja akaogopa wembe. Mkewe Stereo aliuleta nyumbani kwenye flashi, na Stereo akauweka kwenye redio yake. Ngoma zilisikika. Gitaa lilisikika. Kiitikio kilisikika. Halafu mwishoni vyombo vikanyamaza ili binti aseme peke yake, kwa sauti nyembamba ya chini, neno moja kwa baba yake. Watu wote walijua kuna neno hapo. Stereo akabana sikio kwenye redio, akazungusha kitufe mpaka kikagoma. Kimya.

"Redio mbovu," alijiambia. "Haina nguvu ya kubeba sauti nyembamba."

Hapo angemwita mkewe jikoni amuulize, mambo yangeisha kabla chai haijapoa. Lakini asubuhi iliyofuata, kabla hajafungua hata kufuli la banda, jirani yake fundi cherehani alimdaka.

"Stereo! Mwanao kakuambia neno zito pale mwishoni. Umesikia?"

Sasa aseme nini? Mtu anaitwa Stereo, aseme sauti ya mwanawe mwenyewe imempita?

"Nimesikia," alijibu.

"Utamjibu nini?"

"Nitamjibu wakati wake ukifika," alisema Stereo, akaweka sura ya mtu mzima mwenye mambo yake.

Uongo huo ukamfunga mdomo. Hakuweza tena kuuliza mtu. Mkewe naye alipomuuliza kama amesikia, alisema amesikia. Alipomuuliza kama atajibu, alisema asiharakishwe. Mkewe akaondoa vyombo mezani kwa kishindo ambacho hata Stereo alikisikia vizuri.

Basi, dawa ikawa moja: kununua mtambo wa maana, ausikie mwisho wa wimbo faraghani, ajue mwanawe anataka nini. Akiba ilitosha kitu kimoja kwa mwaka ule. Na hapo ndipo Stereo, bingwa wa nadharia, alipokwama kama gari kwenye tope. Kwanza amplifaya, au kwanza spika?

Fundi cherehani alikuwa mtu wa spika. "Nunua spika, uziunge kwenye hiyo redio yako kwa kuanzia," alishauri, pini zimejaa mdomoni.

"Redio ile itasukuma spika gani? Itakohoa tu."

"Basi nunua amplifaya."

"Nikaiunge na nini? Nikae sebuleni naangalia taa zinawaka?"

"Si unapenda kuangalia?"

Jumatatu alilala akiwa wa amplifaya, Jumanne akaamka wa spika. Alichora michoro kwa chaki kwenye mlango wa banda, akaifuta, akaichora tena. Alimweleza mteja mmoja habari za besi kwa muda mrefu kiasi kwamba yule bwana alikwenda kuagiza geti kwingine. Na wakati yeye anapima na kupima tena, mtaa ulianza kumnunia. Kinyozi alimkata bila kupiga soga. Muuza nyanya akaanza kumchagulia zilizopondeka. Stereo alidhani nyanya ni mbaya msimu huo.

Jumapili binti alipiga simu, sauti yake ikimfikia baba kwa mbali, ya kukatikakatika. Mtandao, kama kawaida, ulikuwa mbovu.

"Baba, wimbo umeusikia?"

"Nimeusikia! Besi imekaa sawasawa."

"Na pale mwisho?"

"Mwisho umetulia kabisa. Hongera sana."

Kisha akamsikia, au alidhani amemsikia, akisema, "Haya baba. Nipe mama." Jumapili iliyofuata mambo yakawa hayo hayo, na ile ya tatu binti aliongea na mama yake, akakata, hata baba hakumuulizia. Stereo alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi, mkono ameshaunyoosha kupokea simu. Aliurudisha, akajikuna nao kichwa ili ionekane alikuwa na shughuli nao. Iliuma, jamani. Iliuma vibaya.

"Jumamosi nakwenda dukani," alimwambia mkewe.

"Nakuja na wewe," alisema mkewe. "Nataka nikuone walau mara moja ukichagua kitu."

"Wewe si nilikuchagua?"

"Mimi ndiye niliyekuchagua, mume wangu. Wewe ulikuwa bado unafikiria."

Duka lilikuwa la mama mmoja mnene mchangamfu, spika zimepangwa hadi darini, amplifaya kwenye rafu zikiwa na vumbi na bei. Stereo aliingia kifua mbele. Alimweleza yule mama kwamba anataka kitu cha kubeba sauti nyembamba, si makelele ya harusini, maana yeye ana sikio. Alilisema hilo kwa kujiamini kabisa: yeye ana sikio.

"Tusibishane, baba," alisema mwenye duka. "Naunga amplifaya kubwa kuliko zote na spika kubwa kuliko zote. Ukishasikia zote pamoja utajua unachokosa ni kipi."

Stereo alipenda hoja hiyo. Mkewe akatoa flashi kwenye mkoba. Wimbo ukaanza, na ngoma zikampiga Stereo kifuani mpaka akatabasamu. "Ongeza," alisema. Mwenye duka akaongeza. "Ongeza, mama, usiogope." Akaongeza. Mteja aliyekuwa anachagua waya alitoka nje na waya mkononi. Mkewe akaziba masikio. Vioo vya mlango vilikuwa vinatetemeka, na Stereo amesimama katikati ya duka, kichwa kimeinama, akisubiri mwisho kama anavyosubiri mlio wa chuma.

Vyombo vikanyamaza.

Alisubiri. Aliinamisha kichwa zaidi. Akamwona mwenye duka anaweka mkono kifuani, macho yamelegea, na mkewe ametazama chini. Stereo akageuka kwa hasira.

"Sasa mbona umezima? Hapo ndipo penyewe!"

Mwenye duka alimtazama, akaitazama amplifaya, taa zake zinapanda na kushuka.

"Sijazima, baba," alisema polepole. "Anaimba. Anaimba mpaka nje barabarani wanamsikia."

Stereo alitazama mlangoni. Kweli, yule mwenye waya alikuwa amesimama kizingitini, na nyuma yake watu wengine wawili, wote wametulia, wanasikiliza. Alitazama spika. Aliisogelea ile kubwa, akaiwekea sikio la kulia, kisha la kushoto, mbele za watu, na fahari yote ya kuitwa Stereo ikamwishia pale pale. Miaka ya grenda ilikuwa imemwachia milio mizito tu, myembamba yote ikaila. Akakaa juu ya boksi.

Mkewe alikuwa amemkazia macho, mdomo wazi.

"Kumbe hukusikia?" alimuuliza. Hakujibu. Mkewe akamsogelea, akapaza sauti. "Nakuuliza! Kumbe siku zote hukusikia?"

"Sijasikia," alisema Stereo. "Hata siku moja. Nilidhani ni redio."

"Na kwenye simu?"

"Nilidhani ni mtandao."

"Na mimi nikikuita jikoni huitiki?"

Stereo alifikiri kidogo. "Hapo nilidhani umenuna."

Mkewe alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akamalizia vyote pamoja, akimpiga mumewe begani kwa mkoba. "Mwanaume wewe! Wiki zote hizi nilidhani una roho ya jiwe. Nilikuwa nalala nakuchukia. Mtaa mzima unakuchukia! Unajua mwanao anakuambia nini?"

"Nitajuaje?"

Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaweka mdomo sikioni mwake, akasema kwa nguvu, neno kwa neno, mpaka mwenye duka akageuka kujifuta macho:

"Anasema, 'Baba, nimepata wimbo wa watu. Nije nyumbani?'"

Stereo alilirudia kwa midomo tu. Nije nyumbani. Naye mtu mzima, baba wa mtoto, alikuwa amejibu kwamba besi imekaa sawasawa. Mtoto ameomba ruhusa ya kurudi kwao akapewa hongera. Aliikumbuka sura aliyoweka mbele ya fundi cherehani, ya kusema atajibu wakati wake ukifika, akatamani ardhi impasukie hapo hapo kati ya spika mbili. Alicheka. Hakuwa na namna nyingine. Alicheka mpaka boksi likabonyea, na machozi yakamshuka hadi kwenye ndevu.

"Kwa hiyo, baba," aliuliza mwenye duka kwa upole, lakini kwa sauti kubwa, "nikufungie amplifaya au spika?"

"Mama yangu, vyote viwili ni vizima," alisema Stereo, akigusa masikio yake. "Kilichoharibika ni hiki, na hukiuzi wewe."

Walitoka nje mikono mitupu. Barabarani magari yalikuwa yanapita na Stereo, kwa mara ya kwanza, alijiuliza ni mangapi kati ya hayo yeye hayasikii. Hakutaka kungoja Jumapili. Mkewe alipiga simu, akasema maneno mawili matatu ya haraka, kisha akampa. Stereo aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa na hotuba ndefu kichwani, ya grenda na ya karakana na ya yale maneno ya siku ya kuagana, lakini hotuba yote ikapotea.

"Njoo," alisema. "Mwanangu, njoo. Njoo hata leo. Ila ukifika sema kwa nguvu, baba yako hasikii."

Alisubiri. Simuni kulikuwa na kitu kama mnong'ono, kikapanda, kikakatika, kikapanda tena. Alibana simu mpaka sikio likauma. Safari hii hakuulaumu mtandao. Aliishusha, akamkabidhi mkewe, akamuuliza mbele ya wapita njia wote bila aibu:

"Amesemaje?"

Mkewe alisikiliza kidogo. Kisha akamvuta kola, akamwinamisha, akapiga kelele iliyowageuza watu hadi ng'ambo ya barabara:

"Halii peke yake, wanalia na bendi nzima! Anafunga begi!"