Kamera ya Mama Ta

"Hii nayo inalia kama mlango wa bafuni," alisema Mama Ta, akairudisha kamera ya tatu juu ya kaunta.

Fundi wa kamera alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mama, wenzako huuliza lenzi. Wewe unachagua kwa masikio?"

"Lenzi nimeshaziangalia. Sasa nataka kusikia."

"Mvumilie, fundi," alisema wifi yake, aliyekaa kwenye stuli karibu na mlango, mkoba mapajani. "Kaka yangu ndiye aliyemharibu."

Kaka huyo alikuwa mume wa Mama Ta, mpiga picha ambaye mtaa mzima ulimwita Ta. Alikuwa na ujanja wake. Mteja akishaketi, hukaza shingo na kutoa macho kama anayesubiri sindano. Basi Ta aliinua kamera na kupiga ulimi, "ta!", bila kugusa kitufe. Mteja, akidhani imekwisha, hushusha mabega, huguna, hucheka. Hapo ndipo Ta alipobonyeza kweli. Ulimi wake na kamera yake vililia sauti moja.

Alipofariki, kamera ilikaa kabatini msimu mzima wa mvua. Ukungu ukaingia mpaka ndani ya lenzi, na fundi akasema haiponi tena. Kibao cha PICHA HAPA kilibaki mlangoni. Watu walibisha hodi, wakakumbuka, wakaomba radhi, wakaondoka. Asubuhi hiyo Mama Ta alikuwa amepiga moyo konde. "Wifi, nisindikize. Nikikosa kamera leo, kile kibao nakishusha mwenyewe."

Fundi alileta nyingine, mpya mpya kwa macho, inayovuta filamu yenyewe. Mama Ta akabonyeza. Ikalia nziii.

"Mbu huyo," alisema wifi.

"Mbu wa kisasa," fundi alijitetea. Kisha akainama, akatoa kamera nzito iliyobanduka ngozi pembeni. "Hii hata sikutaka kukuonyesha. Mshale wa kupimia mwanga umekufa, itabidi ukisie mwenyewe. Ila lenzi yake ni ya kazi zote: sebuleni, harusini, barabarani."

Mshale haukumtisha. Miaka yote yeye ndiye aliyemshikia Ta shuka jeupe la kurudishia mwanga usoni mwa watu, na mwanga alikuwa ameuzoea mikononi kama uzito wa mtoto. Alifungua mgongo wa kamera, akachungulia lenzi kwenye taa, akafunga. Akavuta kipini cha kusogezea filamu kwa kidole gumba, akafumba macho, akabonyeza.

Ta.

Fundi akavua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Rudia," alisema wifi kwa sauti ndogo.

Akarudia.

Nje, filamu ikiwa imeshapachikwa, Mama Ta alimwonyesha wifi yake ukuta wenye jua. "Simama pale."

"Mimi? Na kilemba hiki?"

"Hicho hicho."

Wifi akasimama wima, midomo ameibana kuficha pengo lake la mbele. Hakuna picha hata moja, tangu usichana wake, iliyowahi kuliona pengo hilo. "Na usiniletee ule mchezo wenu. Mimi ni dada yake, ulimi naujua."

Mama Ta akaweka jicho kwenye kitundu. Akapiga ulimi. Hakuwahi kujaribu maishani mwake, nao ukatoka na mate, kama mjusi aliyepaliwa.

"Wee!" Wifi alijikunja, mkono kiunoni, akacheka kwa mdomo wote, pengo na yote, mpaka kilemba kikateleza sikioni. "Maskini kaka yangu! Huko aliko ameziba masikio!"

Ta, ikasema kamera.

Wifi akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba, bado anatetemeka kwa kicheko. "Ndiyo hiyo? Au ulikuwa ulimi?"

Kidole gumba cha Mama Ta kilikuwa kimeshavuta kipini, na jicho lake halijatoka kwenye kitundu.

"Usisogee," alisema.