Mbolea Iliyoshikana

Kazi yangu ilikuwa kujaza ndege. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi kubwa, kumbe ni kukaa kwenye trekta lenye ndoo mbele, kuchota mbolea bandani na kuimwaga kwenye tangi la ndege, hata mara thelathini kwa siku. Rubani hashuki. Anangoja injini ikiunguruma, nampungia mkono kuwa tayari, anakwenda kuimwaga juu ya malisho ya vilimani. Nimetangatanga sana, lakini pale ndipo nilipopata chumba chenye ufunguo wangu mwenyewe.

Kanuni ilikuwa moja. Kabla ya kuchota unatia mkono kwenye mbolea, unafumbata, unafumbua. Ikimwagika kama mchanga, jaza. Ikibaki donge, acha. Rubani akizidiwa na kilima ana njia moja tu: anavuta wenzo, mlango wa tangi unafunguka chini, mzigo wote unaanguka, ndege nyepesi inapanda. Mbolea yenye unyevu haianguki.

Siku ile ukungu ulishinda nasi bandani. Safari ya ishirini na mbili nilifumbata, likabaki donge. Nikatazama mbolea iliyobaki, kama ndoo nane hivi. Nilikuwa hoi, nataka kumaliza nikalale. Nikalivunja lile donge kwa dole gumba, nikajaza, nikapunga mkono.

Ndege ilipiga bega la kilima cha pili. Nilifika wa kwanza, pumzi imekata. Rubani alikuwa hai, miguu imevunjika, hajitambui. Mlango wa tangi ulikuwa wazi, na mbolea imeng'ang'ania ndani kama saruji. Jioni mvua ikanyesha, ikaiosha yote. Mkaguzi wa ajali za ndege alipofika kesho yake akakuta tangi tupu, akaandika kwamba rubani alichelewa kuvuta.

Siku ya tano akaniletea karatasi nitie sahihi. Ilisema mbolea ilikuwa kavu. Nikamwambia nimesahau miwani, nikaenda hospitali.

"Karibu, mzee," rubani akasema. "Umekuja kunizika au kunicheka?"

"Nimekuja kuona kama bado una mdomo."

"Ndio pekee ambao haukufungwa plasta."

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe cha uji uliopoa. "Shikamoo, mzee. Hebu mwambie mwenzako ale. Tangu juzi anahesabu sekunde tu."

"Mbili," rubani akasema. "Nilichelewa sekunde mbili. Nilivuta, ndege haikupanda. Narudisha leseni, mzee. Mtu asiyejua mkono wake umevuta saa ngapi, akae chini."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayevua viatu. Angekuwa na uchungu, labda ningenyamaza.

"Hukuchelewa," nikamwambia. "Mbolea ilishikana. Nilifumbata ikabaki donge, nikakujazia hivyo hivyo."

Mkewe akaweka kikombe chini. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukampungia mkono?"

"Nikampungia."

Rubani akaelekeza macho darini. "Miaka sita sijageuza shingo hata mara moja kuangalia unachochota."

"Pole, mwanangu."

"Pole yako kaa nayo. Mkaguzi umemwambia?"

"Bado."

"Basi unafanya nini hapa?" Akafumba macho. "Nenda, mzee. Nimechoka kukuona."

Mkewe akanifuata hadi ukumbini. Nilidhani atanizaba kofi, na ningelipokea. Akajifunga kitambaa kichwani vizuri, akasema, "Twende wote. Wewe njia zinakupotea."

Tulikwenda kwa miguu. Magoti yangu yalikuwa yanauma, naye hakunishika mkono, ila kila nilipobaki nyuma alisimama. Nilikuwa nawaza kile chumba. Nilijua mwisho wa wiki sitalala humo tena.

Mkaguzi alikuwa ofisini, shati limelowa kwapani, ana safari ndefu ya kurudi kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akachukua karatasi mpya na kuanza kuandika. Mke wa rubani alisimama nyuma yake akisoma juu ya bega lake. Mkaguzi alipofika kwenye "huenda mbolea ilikuwa na unyevu," mwanamke akamgonga begani kwa kidole.

"Hajasema huenda."

Mkaguzi akanitazama.

"Kweli," nikasema. "Sijasema."