Winchi na Vumbi la Pilipili

Tangu shaba ishuke bei na mgodi ufungwe, Winchi alibaki kuwa baba wa nyumbani asiyeijua nyumba. Jina hilo alilipata kwa mashine ya kuvuta mizigo kutoka shimoni, aliyoiendesha ujana wake wote. Mkewe na majirani zake walikausha pilipili za kuuza ng'ambo, na wakubwa, waliokuwa hawaoni kitu ila shaba, ghafla wakawaita wanawake hao nguzo ya taifa. Winchi akaomba kazi kwa mkewe, mpole kama anayeposa.

"Haya, baba watoto. Kesho mnunuzi anakuja kukagua. Wewe funga magunia tu, usiongeze ujuzi."

Kumwambia mwanamume hivyo si ndiko kumwonyesha njia?

Vumbi la pilipili likampanda puani, akapiga chafya mpaka kofia ikaruka. Mgodini vumbi lina dawa moja: maji. Akavuta mpira wa bustani, akanyunyiza gunia baada ya gunia. Yalipobaki mawili akachoka, akayakalia kama bwana harusi.

Mkewe akaja, akatia mkono guniani, ukatoka umelowa.

"Mume wangu, umeziogesha?"

"Nimeua vumbi."

"Umeua na soko! Zikiota ukungu njiani, huyo mama mnunuzi atanunua kwetu tena?"

Winchi, ambaye mwamba haukuwahi kumtisha, akakosa pa kuweka mikono.

Kesho yake mnunuzi, mama asiyecheka ovyo, aliminya pilipili kiganjani. "Mbona mbichi? Jana kulinyesha?"

Mke akatazama dari. Winchi akakohoa. "Mvua ni mimi, mama. Nilikuwa mgodini."

"Huyu ni wako?" mnunuzi akamuuliza mke.

"Ni wangu. Ningekuwa na mwingine ningemficha huyu."

Mama wa watu akacheka mpaka akashika ukuta. Akachukua magunia makavu. "Mengine nitayarudia Jumamosi. Nikiikunja pilipili ikavunjika, nanunua. Ikipinda, kwaherini."

Wiki nzima Winchi aligeuza pilipili juani. Mchimbaji mwenzake wa zamani akapita na kumkuta akijifuta jasho, machozi yanamtiririka.

"Usilie, ndugu yangu. Mgodi utafunguliwa tu."

"Nani analia? Nimejipaka pilipili machoni!"

Mkewe akasogea, akainama, akaokota moja, akaikunja. Ikalia *kach!* ikakatika. Akaokota nyingine, nayo ikakatika. Akamtazama mumewe, akatabasamu upande mmoja.

Winchi akamgeukia rafiki yake, macho mekundu kama bidhaa yenyewe. "Hebu sogea bwana, unatuzibia jua. Kesho Jumamosi!"