Saa Iliyokaa Drooni

Numa Perrenoud alikuwa na donge moyoni tangu ujana. Saa za betri zilipoingia Le Locle, mji wa watengeneza saa, viwanda viliwamwaga mafundi wa saa za ufunguo kama maji ya kuoshea vyombo, na yeye akamwagwa. Mdogo wake Ulysse alihamia kwenye betri mapema, akapanda cheo. Tangu hapo Numa hakukanyaga kwa mdogo wake, hata siku ukoo ulipokutana kula soseji za kuchomwa majivuni.

Kwa hiyo majira ya baridi yalipoanza, shemeji yake Berthe, mke wa Ulysse, alipomletea saa ya mumewe, ya dhahabu, ya betri, imesimama, nusura aitupe dirishani.

"Ulysse anaumwa, hatoki," alisema Berthe. "Anaomba umwekee betri."

"Bingwa wa betri ananiomba mimi? Amekosa wa kumcheka?"

"Mimi nimetumwa tu, shemeji."

Numa akaisukumiza drooni. Na akae aingoje! Mtu mzima na mvi zake, kanuna kama mtoto.

Theluji ilikuwa inayeyuka Berthe aliporudi, amevaa nyeusi.

"Kesho tunamzika. Nataka Léon wangu aivae saa ya baba yake kanisani, ikitembea. Iko tayari?"

Numa alishikwa na aibu. "Kaa, shemeji. Ni kazi ya dakika moja."

Akasogea dirishani kwenye mwanga, akaweka lenzi jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma. Betri ilikuwa imevuja. Ukoko wa kijani ulikuwa umetambaa mpaka kwenye koili, ukazikata nyaya zake zilizosokotwa, nyembamba kuliko unywele, kisha ukaila saketi. Betri iliyokufa haiachwi ndani ya saa; hata mfagiaji wa kiwandani anajua hilo. Na vipuri vya saa ya zamani vile havitengenezwi tena. Alisafisha, akaweka betri mpya, akangoja. Mshale haukutikisika.

"Haitatembea," alisema. "Imeharibikia kwenye droo yangu. Sikuifungua kabisa."

"Kabisa?"

"Nilidhani ananidhihaki."

Berthe hakupandisha sauti, na Numa alitamani angepandisha.

"Ilikuwa nzima, Numa. Ulysse alitoa betri nzuri akaweka mfu, mimi naona. Nikamuuliza, una wazimu? Akasema, 'Nikimwita hatakuja. Lakini hii ataifungua, ataona ni nzima na kwamba nimemchezea, atapandwa na hasira, atakuja mwenyewe kunitukana.'"

Numa akatoa lenzi jichoni. Hakujua aiweke wapi.

"Alikungoja umtukane," alisema Berthe, akivaa glavu zake. "Kengele ya mlango ikilia tu, ananiambia nimletee shati safi. Mara zote alikuwa ni mtu wa posta."