Konokono wa Nhan

...na kijiti cha udi kimebaki nusu, hakuna wa kugusa sinia mpaka kiungue chote, marehemu anakula kwanza, sisi wenye uhai tungoje, na mimi niliyepika ndiye ninayesimama hapa madhabahuni kuulinda huo udi, vidole vinaninuka konokono, nami sili konokono, nawachukia na utelezi wao, lakini Nhan aliwapenda, kwa ndizi mbichi na manjano, basi kila mwaka nawaloweka kwenye maji ya mchele wateme tope, nawachokoa mmoja mmoja, kwa ajili ya mke wa kwanza wa mume wangu... unanitazama nini kwenye picha hiyo, wewe mvi huna, shavu jororo vilevile, mimi magego yanaisha, hukumkera hata siku moja kwa kukoroma, nitakushindaje? watu wa ukoo wanataka nikuite dada, sijakuita, sikuiti, na leo nasema, nimeapa, udi ukizimika tu namwambia mume wangu Khoat, mwakani mpeleke Nhan pagoda, watawa wamfanyie kumbukumbu yake huko, nyumba hii ina mke mmoja... lakini nitamfukuzaje, barabara nzima ni yake, Kham Thien yote leo inafuka udi, kila mlango una sinia, maana wafu wao wote walikufa usiku mmoja, hata muuza ndizi asubuhi ananiuliza, "Kwenu mnamkumbuka nani, mama?" nikajifanya sisikii, na barabara yenyewe haijapata kuwa upande wa wake kama mimi, zamani walikaa watazama nyota wa mfalme, ndiyo ikapata jina, kisha nyumba za waimbaji, wanaume wakaacha wali unapoa nyumbani waje kusikiliza visauti, wake wangapi wameilaani kabla yangu, kisha ndege za vita, mabomu yakaichana toka mwanzo hadi mwisho, na Khoat yuko zamu karakana ya treni, akarudi asubuhi akakuta shimo la maji mahali pa kitanda, aliniambia hayo siku ya kunichumbia, ananiposa huku anamlilia mwingine, na mimi mpumbavu nikampa leso... wanacheka nini huko mezani, wifi yangu Luyen keshaonja pombe ya mchele kabla ya wakati, "Kaka, kwa hiyo wifi hujamwambia mpaka leo?" "Nimwambie nini?" "Kwa nini Nhan alirudi mjini!" hilo nalijua, nani asiyelijua, Noeli ndege zilipumzika siku moja, watu wakadhani yamekwisha, wakatoka vijijini walikohamishiwa, waje kuchukua mablanketi, na Khoat anajibu hilo hilo, "Si alifuata blanketi..." "Blanketi gani wewe! Alikuja kukufumania!" nini? "Aliambiwa umemnunulia supu yule dada wa kantini. Kapanda baiskeli, matope mpaka magotini, kaja kwangu anatweta, 'Wifi, sema kweli, ni mzuri kuliko mimi?' Nikamwambia ana pua kama kiazi, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, 'Basi nalala nyumbani, kesho nikirudi kijijini narudi na mume wangu, nimfunge kwenye baiskeli.'" na Khoat anasema, "Ilikuwa supu tu, Luyen. Supu tu..." kijiko kimeanguka, ni mzuri kuliko mimi, hilo ni swali langu, nimekuuliza mimi miaka yote hapa hapa nikikufuta vumbi, ni mzuri kuliko mimi, kumbe ulitoka nalo kijijini, huo uso uliotulia ni wa mpiga picha tu, ndani ulikuwa unachemka kama mimi, ukakanyaga baiskeli ukipanga matusi, naijua safari hiyo, ningekuja hata mimi, kwa miguu ningekuja, nikalala pale pale kitandani kwake makusudi, nikafa... na hakukuwa na kitu, supu tu, maskini, nani alikwambia, na mimi nilitaka kukutoa nje, wewe uliyekufa ukilinda mlango huu huu... macho yananiwasha, ni moshi, si moshi, nalia, kijiti kimekwisha, kimebaki kikonyo chekundu kwenye mchanga, na Khoat anaita, "Mama Quyen, udi umeisha? Watu wana njaa!" nasogeza bakuli la konokono karibu na picha, "Bado," nasema, "dada bado anakula."